Vitufe vya mwangaza havibadilishi kioo kwenye Linux

Wakuu, nikibonyeza Fn+F6 alama ya mwangaza inapanda na kushuka, ila kioo kiko vilevile. Kitufe kimekufa?

— Kitufe ni kizima, ndiyo maana alama inaonekana. Andika ls /sys/class/backlight kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri) uone njia za kudhibiti taa ya kioo, utupe jibu.

— Imetoka acpi_video0 peke yake.

— Basi amri zinapita njia isiyoifikia taa ya kioo. Fungua /etc/default/grub (faili la mipangilio ya GRUB, programu inayowasha Linux) kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza acpi_backlight=native. Kwa Debian (aina mojawapo ya Linux) na jamaa zake, malizia na sudo update-grub, kisha washa upya. Wengi huiruka update-grub, wakadhani dawa imekataa.

— Sasa naona intel_backlight, na mwangaza unashuka. Asanteni sana!

— Ukijaribu kwa mkono, usiandike 0 kwenye faili la brightness lililo ndani ya /sys/class/backlight/intel_backlight. Baadhi ya vioo huzimika kabisa.