Arobaini imekwisha, sasa nani wa kunishikia mtoto?

Mpemba wa Fuoni

Asalaam alaykum mama zangu na dada zangu. Mimi kwetu Wete, nimeolewa Unguja, tunakaa Fuoni. Nina watoto wawili: mkubwa miaka minne, mdogo miezi saba.

Huyu mdogo nilikwenda kujifungulia nyumbani. Mama alinikanda siku arobaini kamili, maji ya moto asubuhi na jioni, tumbo kalifunga kwa kanga, supu ya kuku wa kienyeji haikukatika. Mtoto akilia usiku wa manane nausikia mlango wa mama unafunguka, keshamchukua. Siku za mwisho akanisugulia liwa. Mpaka leo nausikia ule mti unavyokwaruza juu ya jiwe, na mama anatia marashi tone kwa tone mpaka itoke nzito kama tui, kisha ananipaka uso na shingo kwa viganja vyake.

Nikarudi Fuoni. Mume wangu ni dereva, hutoka alfajiri hurudi baada ya Isha. Mkwe wangu ameshatangulia mbele ya haki. Maji ya mfereji mtaani kwetu hutoka saa tisa usiku, kwa hiyo huamka kujaza madumu. Nikirudi kitandani mdogo anataka kunyonya, akishiba kumekucha, na mkubwa anataka uji kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani.

Mwezi uliopita mama alinipa singo ya kujisugulia mwili, kwa mtu aliyepanda boti Mkoani. Kaitwanga mwenyewe: asumini, mlangilangi, waridi, mrehani, karafuu. Nikaiweka juu ya kabati, kila siku nasema leo usiku. Juzi naifungua, imeota ukungu. Nilikaa chini nikalia mpaka mkubwa akaja kuniuliza, mama umeumwa na nini?

Nauliza, nyinyi mlio mbali na mama zenu, mnajitunza saa ngapi? Msiniambie nilale mtoto akilala. Mtoto akilala ndipo ninapofua.

Mama Mwani, Jambiani

Waalaykum salaam. Pole shoga yangu, hiyo singo imeniuma na mimi.

Saa yangu naipangiwa na bahari. Siku za bamvua, maji makubwa, bahari inakupwa vizuri kwenye saa nne asubuhi, na kila siku inachelewa kiasi cha dakika 50, basi sote tumo pwani tunafunga mwani kwenye kamba, miguu ndani ya maji, mgongo umeinama. Mikono inachanika kwa chumvi. Maji mafu yakiingia, bahari haikupwi sana, hakuna wa kwenda pwani. Siku hizo mimi na jirani yangu tunabadilishana: leo watoto wote kwake mpaka adhuhuri, kesho kwangu. Zamu yangu ya kupumzika napaka miguu mafuta ya nazi, nalala. Tulikubaliana mwanzo kabisa: hakuna kufua wala kupika siku ya zamu yako. Ukifua umeipoteza. Hapo Fuoni huna jirani mwenye watoto umri huo?

Bibi wa Chake

Mwanangu, sisi hatukuwa na nguvu kuliko nyinyi. Nilizaa wanane, na nyumba ilikuwa na mama, shangazi, wifi wawili na mtoto wa jirani aliyekuwa hatoki kwetu. Ndiyo maana nikaweza kukaa nikasukwa nywele. Wewe unafanya peke yako kazi ya watu watano.

Zungumza na mumeo, kwa upole lakini uzungumze. Akirudi Isha ameshakula, amshike mtoto nusu saa kabla hajatoka kwenda barazani. Na hayo madumu ni yake, ana mikono. Singo mwambie mama akutumie kavu, utairowesha kwa marashi siku unayoitaka. Mbichi haingoji mtu.

Mkunga mstaafu, Mpendae

Nina mawili tu. Mtoto atakapofika miezi tisa utampeleka chanjo ya surua. Siku hiyo omba na wewe upimwe wingi wa damu. Mama anayenyonyesha, halali usiku, damu ikiwa pungufu huchoka asijue sababu. La pili, hicho kilio. Kikiwa ni siku moja, ni uchovu. Kikiwa kila siku kwa wiki mbili, au huoni raha hata ukimshika mwanao, usisubiri hiyo miezi tisa, nenda kituo cha afya ukaseme hivyo hivyo ulivyotuandikia sisi. Huo ni ugonjwa kama homa, na una tiba.

Mpemba wa Fuoni

Allah awalipe. Bibi, jana nilimwambia. Alinyamaza kidogo, akasema hakujua kama naamka saa tisa, alidhani maji yanajaa jioni. Leo usiku kaamka yeye. Nilisikia dumu linagonga ukuta, nikageuka upande wa pili nikalala tena.

Jirani yangu ana pacha wa miaka mitatu. Kesho nampelekea mkate wa kumimina, nimuulize kuhusu zamu. Mkunga, kulia sijalia tena tangu juzi, lakini nimeyaweka maneno yako. Mama nimempigia simu, ameshaanza kuanika asumini.