Mrejesho: bili ya spitali na kidonda cha mama

Asalaam alaykum. Niliuliza tufanyeje: spitali moja binafsi hapa Unguja, kidonda cha operesheni cha mama kilitunga usaha, nao wakadai bili yote. Tumemalizana kwa usuluhishi, bila kesi. Kilichosaidia hasa ni nakala ya faili zima, pamoja na karatasi ya kuosha kidonda: siku mbili zilikuwa tupu, hazina saini. Kabla ya kukaa kwenye usuluhishi, sainini kwamba yatakayosemwa mle hayatapelekwa mahakamani. Bila hilo daktari hafungui mdomo. Njia ya mawakili shirikishi (kila upande na wakili wake, wote wakiahidi kumaliza bila mahakama), aliyoianzisha wakili Stuart Webb kule Minnesota, Marekani, mwaka 1990, tuliiacha: mkishindwana mawakili wa pande zote hujitoa, mnatafuta wengine na kulipa upya. Kwenye makubaliano andikeni kiasi, tarehe, na nani atalipia dawa zijazo. Sisi dawa tulizisahau, ikabidi turudi mezani.