"Nimeutuma kama nilivyoupokea": hadi lini tutawaponza mabinti zetu?

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Wiki tatu zilizopita, siku mbili kabla ya wauguzi kufika katika shule anayosoma binti yangu kutoa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ujumbe wa sauti uliingia katika kundi la WhatsApp la wazazi. Mtu asiyejitaja jina, anayedai kuwa ni daktari, alisema kwa utulivu kabisa kwamba chanjo hiyo inafunga kizazi, kwamba wanapewa Waafrika peke yao, na kwamba ndiyo maana wavulana hawachanjwi. Mzazi aliyeuleta aliongeza maneno haya: "Nimeutuma kama nilivyoupokea." Siku ya chanjo ilipofika, wasichana wengi wa darasa la binti yangu hawakuonekana shuleni.

Maneno hayo matatu yananiudhi kuliko sauti yenyewe. Anayeyaandika huamini kwamba amekwisha kunawa mikono. Mbona mtu akileta mtaani habari ya msiba hatumwachii hivyo? Tunamuuliza amesikia kwa nani, amefariki lini, na kama amewapigia simu wafiwa, kwa sababu tunajua aibu na madhara ya kumlilia mtu aliye hai. Lakini jambo linalogusa uhai wa mabinti zetu tunalipitisha kutoka kundi hadi kundi, likiwa na ile alama ya mishale miwili inayoonyesha kwamba limekwisha kusambazwa mara nyingi, na hakuna anayeuliza chochote.

Mwenye kutaka ukweli angeupata bila taabu. Australia ilianza kuwachanja wasichana wake mwaka 2007 na Uingereza mwaka 2008, muda mrefu kabla ya Tanzania, ambayo iliianza nchi nzima mwaka 2018. Msichana wa Kiingereza aliyechanjwa mwaka ule akiwa na miaka 12 sasa ana takribani miaka 30, na wenzake wengi ni mama wa watoto. Wavulana nao wanachanjwa huko: Australia tangu 2013, Uingereza tangu 2019. Sisi tumeanza na wasichana kwa kuwa mlango wa kizazi wanao wao, na kwa kuwa hii ndiyo saratani inayoongoza kwa kuua wanawake wa nchi hii. Majirani zetu Rwanda waliianza mwaka 2011, wakawafikia zaidi ya wasichana tisa katika kila kumi. Tangu Aprili 2024 kwetu inatosha dozi moja tu, bila malipo, kwa msichana wa miaka 9 hadi 14.

Mimi nimeiona saratani hiyo kwa macho yangu. Mama yangu mdogo alitibiwa kwa mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa miezi kadhaa, nami ndiye niliyekuwa nikimpeleka. Alifika akiwa amechelewa, kama wanavyochelewa wengi, na alikufa akiwaacha watoto wanne. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ule ujumbe ulikuwa "tahadhari tu".

Wala uvumi huu si mpya. Mwaka 2003 huko Kano, Nigeria, yalisemwa maneno haya haya ya kufunga kizazi kuhusu chanjo ya polio, ikasimamishwa kwa miezi mingi, na kirusi kikasambaa hadi nchi zilizokuwa zimeutokomeza ugonjwa huo, kikafika hata Yemen na Indonesia. Waliolemaa ni watoto, si waliotunga maneno.

Hasira yangu nyingine inawaangukia wanaoujua ukweli wakanyamaza. Mwalimu mkuu yumo katika kundi lile. Mhudumu wa afya wa kata yumo pia. Hakuna aliyeandika hata mstari mmoja, na nilipompigia mmoja wao aliniambia kwamba hakutaka kubishana na wazazi. Taifa hili linafahamu gharama ya kimya cha namna hiyo. Baada ya tarehe 29 Aprili 2020 takwimu za korona ziliacha kutolewa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na pengo hilo lilijazwa na kila aliyekuwa na simu na sauti nzito. Chanjo ilipoletwa mwaka 2021, wengi walikuwa wamekwisha kuamua.

Najua wapo watakaosema sheria ipo. Ni kweli, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu taarifa za uongo, lakini sauti isiyo na mwenyewe haiogopi mahakama, na kwa maoni yangu sheria hiyo huwanyamazisha kwanza waoga wenye ukweli. Ninachokitaka ni kidogo zaidi na kinawezekana kesho. Muuguzi aje kuzungumza na wazazi wiki mbili kabla ya chanjo, si asubuhi ileile akiwa na sanduku la barafu mkononi, na aulizwe maswali yote, hata yale ya aibu. Mashehe na wachungaji waelezwe mapema, kwa sababu wao ndio wanaoulizwa usiku. Na admini wa kila kundi amtake anayeleta habari ya dawa au chanjo ataje ni nani aliyeisema na wapi, akishindwa, aiondoe.

Ule ujumbe bado umo katika kundi letu hadi leo. Binti wa jirani yangu, rafiki wa binti yangu, atatimiza miaka 15 mwezi Novemba na hataandikishwa tena. Nimemwomba mama yake twende pamoja zahanati Jumatatu. Amesema atamuuliza kwanza mumewe, na mumewe ndiye aliyeutuma kama alivyoupokea.