Mjadala: Miradi ya uendelevu ichukue nafasi ya vipindi vya sayansi, au ibaki nyongeza?

Mwanzisha mada (mwalimu wa fizikia)

Wadau, idara yetu ya sayansi imegawanyika, naomba mawazo. Kuna pendekezo kwamba kidato cha pili wasifundishwe tena fizikia, kemia na biolojia mada kwa mada, bali kupitia miradi mitatu kwa mwaka: umeme wa jua, uchujaji wa maji na bayogesi. Kitabu kitafunguliwa pale mradi unapokidai.

Mimi naunga mkono, kwa sharti moja: kila mradi uwe na namba ambayo mwanafunzi anaweza kuikosa. Muhula uliopita darasa langu lilipima paneli ya sola iliyoandikwa wati 100. Waliitoa juani mchana, wakabadilisha mizigo (vifaa vinavyotumia umeme wa paneli) mpaka wakapata kiwango cha juu kabisa: wati 68. Mmoja akasema tumeuziwa feki. Nilifurahi, maana hilo ni dai linalopimika.

Zile wati 100 ni za maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzijoto 25. Walipobandika kipimajoto nyuma ya paneli wakasoma nyuzijoto 60. Paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzijoto inayozidi 25, kwa hiyo zile 35 za ziada zilikula asilimia 14. Zikabaki wati 86. Paneli ilikuwa imelazwa chini na jua lilikuwa nyuzi 30 kando ya utosi; mwanga unaoipata paneli hupungua kwa kosaini ya pembe hiyo, na kosaini ya 30 ni 0.87, zikabaki 75 hivi. Wati saba zilizopotea kufikia 68 tukazitafuta siku mbili. Kufuta vumbi kukarudisha tatu. Nne hatujazipata mpaka leo, na kuna mtoto bado ananiulizia kila akiniona kwenye korido.

Nimefundisha kosaini miaka mingi. Sijawahi kuulizwa habari zake kwenye korido.

Mwalimu wa kemia

Mwalimu mwenzangu, hadithi ni tamu, ila umeficha kitu. Wanafunzi wako walijua tayari nguvu ni volti mara ampea, na walijua kosaini. Nani aliwafundisha, paneli?

Mwaka 2006 watafiti wa elimu Kirschner, Sweller na Clark walitoa hoja ambayo wapenzi wa miradi hawaipendi: mwanafunzi mgeni wa somo, akiachwa agundue mwenyewe, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi (ile inayoshika mambo machache tu kwa wakati mmoja) hujaa haraka. Anahangaika na waya, kifaa na wenzake kwa pamoja, na sayansi haipati pa kukaa. Mzoefu hunufaika na uhuru huo, mgeni huzama.

Nimeyaona kwa macho yangu. Shule niliyokuwa zamani tulijenga mtungi wa bayogesi. Tukalisha samadi na mabaki ya jikoni, tukasubiri, gesi haikutoka. Sababu ilikuwa asidi: mabaki yalichacha upesi kuliko vijidudu vinavyotengeneza methani (gesi inayowaka) vinavyoweza kumudu, pH ikashuka (yaani asidi ikazidi), vikaacha kazi. Lakini watoto wale walikuwa hawajafika kwenye pH! Walichojifunza muhula mzima ni kukoroga samadi. Kisha wakaandika kwenye ripoti kwamba wamelinda mazingira.

Mzazi

Na yule kijana wa Malawi, William Kamkwamba? Aliacha shule kwa kukosa ada, akatengeneza kinu cha upepo kwa vipuri vya baiskeli na vyuma chakavu mapema miaka ya 2000, akawasha taa nyumbani. Hakukaa kwenye vipindi vya nadharia.

Mwalimu wa kemia

Alikaa maktaba, mzazi mwenzangu. Alisoma vitabu vya fizikia kwanza, vyenye michoro ya sumaku na koili, ndipo akaenda kuokota vyuma. Mfano wako uko upande wangu.

Mwanzisha mada

Hapana, uko katikati. Alisoma kwa sababu alikuwa na giza la kuondoa. Hebu niulize: siku gesi ilipogoma, kwa nini hamkufundisha pH siku hiyohiyo? Darasa zima lilikuwa linataka kujua. Kirschner na wenzake hawakupinga mwongozo, walipinga kukosekana kwake. Na wapo watafiti waliowajibu mwaka uliofuata kwamba mafunzo yanayoanza na tatizo, yakiendeshwa vizuri, yamejaa mwongozo.

Mwalimu wa kemia

Kwa nini hatukufundisha? Wanafunzi wengi, kipindi kifupi, na mtihani wa mwisho usiouliza habari za mtungi. Ndiyo sababu.

Fundi sanifu wa maabara

Kabla hamjaendelea kugombana: methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 hewani hulipuka ikipata cheche, na bayogesi mbichi ina salfidi ya hidrojeni, gesi yenye sumu. Mtu apangiwe kabisa kusimamia hilo, na asiwe mimi peke yangu kama kawaida.

Mhandisi wa maji

Nimeombwa mara kadhaa kuwa jaji wa miradi ya shule. Kila mara nakuta chujio la mchanga. Maji ya tope yanaingia juu, meupe yanatoka chini, makofi. Hakuna anayeuliza kama ni salama. Chujio la mchanga la mwendo wa polepole huua vijidudu hasa kwa sababu ya utando hai unaoota juu ya mchanga, na utando huo huchukua siku nyingi, mara nyingi wiki kadhaa, kukomaa. La jana halina utando. Yale maji ni meupe tu.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba wanatengeneza mara moja, wanapiga picha, wanahama. Hapo hakuna uhandisi. Uhandisi unaanza kwenye toleo la pili, ukishajua la kwanza lilishindwa wapi na ukalazimika kuchagua: mchanga laini zaidi uchuje vizuri lakini upate lita chache, au kinyume chake? Miradi mitatu kwa mwaka ni mingi. Fanyeni mmoja, mara mbili.

Aliyemaliza sekondari majuzi

Mimi nilikuwa kwenye kikundi cha watu sita. Wavulana wawili walishika multimita kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi niliandika ripoti kwa sababu "una mwandiko mzuri". Tulipata alama sawa wote. Nilipokuja kuulizwa volti na ampea zinatofautianaje, nilikuwa sijui, na ripoti iliyosifiwa ni yangu! Mkifanya miradi, kila mtu ahojiwe peke yake, kifaa kikiwa mbele yake.

Mwanzisha mada

Umenipiga pabaya, mwanangu. Wale wa paneli nao niliwapa alama za kikundi.

Narekebisha pendekezo. Mradi mmoja kwa mwaka, matoleo mawili. Kati ya toleo la kwanza na la pili ziwe wiki sita za vipindi vya kawaida, ubao na chaki, vikifundisha kile hasa kilichokwamisha toleo la kwanza. Alama za kikundi ziwe chache, nyingine zitokane na mahojiano ya mmoja mmoja: onyesha namba uliyotabiri, namba uliyopima, na uniambie tofauti imetoka wapi. Anayesema "sijui, lakini ningepima hivi" apate alama.

Mwalimu wa kemia

Hapo naanza kukusikiliza. Lakini mahojiano ya wanafunzi 50, dakika kumi kila mmoja, ni zaidi ya saa nane. Niandikie ni vipindi vya nani vitakatwa, kisha nitalipeleka pendekezo kwenye kikao cha idara.

Mwanzisha mada

Vyangu. Anza na vyangu.