Nina milioni 6 za kuichezea Toyota 86: tairi, koilova, injini au supachaja?

Mombo_Juu
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota 86 ya 2013, gia za mkono, niliagiza Japani na sasa ina miezi saba mkononi. Naishi Mbezi Beach, kazi iko Posta, kwa hiyo Jumatatu hadi Ijumaa ni foleni tu. Raha ya gari naipata Jumapili alfajiri: natoka saa kumi na moja na nusu, naenda Bagamoyo, nakunywa chai, narudi jua halijawa kali. Mara mbili kwa mwaka naipandisha Lushoto kwa wazazi. Zile kona za kutoka Mombo ndizo zilizonifanya niitamani gari ya aina hii.

Nimejichanga, nina milioni 6. Nawaza hivi: tairi mpya, breki na bushi, au koilova (springi na shokapu za pamoja zinazorekebishika urefu) za kuishusha na rimu za inchi 18, au manifoldi ya ekzozi (mabomba ya kwanza ya moshi kutoka kwenye injini) na kuiprogramu upya kompyuta ya injini, au nivumilie, niongeze hela, nifunge supachaja, ile pampu ya kusukumia injini hewa zaidi. Sishindani na mtu. Nataka gari inifurahishe na Jumatatu inifikishe kazini. Ninyi mngeanza wapi?

Spea_Gerezani
Mkuu, kabla hujatoa hata shilingi, washa tochi ya simu usome namba nne za mwisho kwenye ubavu wa kila tairi, ndani ya kile kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukimaliza, tazama bushi za mikono ya mbele kama mpira umepasuka. Leta majibu hapa, ndipo tuongelee hela.

Mombo_Juu
Nimetoka nje sasa hivi. Nyuma zote mbili zinasoma 0916. Mbele 4812! Kashata (meno ya tairi) bado ipo, nilikuwa nazihesabu nzima. Bushi ya kushoto mbele ina ufa, ukucha unaingia.

Spea_Gerezani
Basi umejibiwa. Tairi ya mbele ni ya wiki ya 48 mwaka 2012, yaani imetoka na gari kiwandani. Mpira wake umeshakuwa mgumu, na barabara ikilowa haishiki. Gari hii ina kilo 1,200 na ushei, injini ya boksa, pistoni zake zinalala ubavu, imekaa chini, uzito umegawanyika karibu asilimia 53 mbele kwa 47 nyuma. Utamu wake wote unapita kwenye vipande vinne vya mpira. Kiwandani walivaa 215/45 inchi 17, Michelin Primacy, tairi ya kawaida kabisa, ili gari ianze kuteleza taratibu na dereva aisikie mapema. Baki na saizi hiyohiyo, panda daraja moja tu la ubora. Za mtumba usiguse.

Halafu chukua namba ya chesisi uiangalie kwenye tovuti ya Toyota ya Japani. Mwaka 2018 gari za 2012 na 2013 ziliitwa kurudishwa kwa ajili ya springi za valvu ndani ya injini. Hakikisha yako ilishafanyiwa. Ukiongeza nguvu juu ya springi mbovu, injini inakwenda.

Tegeta_Chini
Mimi natofautiana kidogo. Koilova nzuri ina raha yake, gari inageuka kwa stelingi kidogo tu. Lakini lazima niseme yaliyonikuta. Nilifunga za bei rahisi, nikashusha sentimita nne. 86 ikiwa haijaguswa ina kama sentimita 13 tu kutoka ardhini, sasa toa nne. Tuta la mtaani kwetu nililipita kwa kukata kona, tairi moja moja, na bado kava la chini ya injini lilichanika. Rasta za barabara kuu zilikuwa zinanipiga mpaka kwenye meno. Mwezi wa tano niligundua sijatoka na gari Jumapili tatu mfululizo kwa sababu naogopa barabara. Nilirudisha springi za kiwandani, nikaweka shokapu mpya zilezile za kawaida, na gari ikawa tamu kuliko siku niliyoinunua.

Rimu za 18 nazo achana nazo. Kila kilo unayoongeza kwenye gurudumu, shokapu ndiyo inahangaika nayo kwenye kila shimo. Ukipata 17 nyepesi, hapo sawa.

BRZ_ya_Dada
Kaka Mombo, mimi nina pacha wake, Subaru BRZ, mwaka wa tatu huu. Nakubali tairi kwanza, ila msiipuuze injini. Hizi injini zetu, FA20, zina lile bonde: ukifika mizunguko 3,500 kwa dakika hivi nguvu inalegea, inarudi ukipita 4,500. Nguvu kamili, farasi 200, iko 7,000. Sasa niambie, Bagamoyo Road yenye vibao vya 50 na bodaboda zinazoingia bila kuangalia, lini utafika 7,000? Tunaendesha humohumo kwenye bonde kila siku. Nilibadilisha manifoldi, nikaprogramiwa upya na fundi aliyepima kwa mashine, hakunitumia faili tu kwa simu. Farasi walioongezeka ni wachache. Bonde ndilo karibu limefutika. Nikitoka kwenye tuta na gia ya tatu, inavuta bila kunung'unika.

Boost_Kigamboni
Dada unazunguka mbuyu. Supachaja inafuta bonde lote na inakupa nguvu ya ukweli. Ajichange tu.

Spea_Gerezani
Mkuu, kwa milioni 6 kitu cha uhakika hupati, na ukikipata hujamaliza. Injini hii ina mgandamizo wa 12.5 kwa 1, mkubwa tayari, kabla hujaiongezea hewa. Ilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu, isiyojilipukia ovyo. Ukisukuma hewa ndani, na joto la Dar la mwezi wa pili, na mafuta ya sheli usiyoijua, inaanza kugonga, yaani petroli inajilipukia yenyewe ndani. Ongeza klachi na kipozeo cha oili. Wanaofanya vizuri wapo, nawaheshimu, lakini wana gari nyingine ya kwendea kazini.

Mzee_wa_Soni
Mbona breki mmeitaja mara moja tu?

Huyu kijana anashuka kutoka Lushoto. Mimi njia ile naijua tangu ina vumbi. Mwaka juzi nilikuwa nashuka na gari ndogo kama hiyo, pedi mpya kabisa, nimepita Soni, nikakanyaga na pedali ikaenda chini laini kama sifongo. Namshukuru Mungu nilikuwa gia ya pili. Nilisimama pembeni, moshi unatoka mbele. Kosa lilikuwa mafuta ya breki, miaka minne hayajabadilishwa. Yale mafuta yanafyonza unyevu, na hewa ya Dar imejaa maji mwaka mzima. Yakipata moto, ule unyevu unachemka, unakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Kopo la mafuta ya breki ya DOT 4 ni bei ya chakula cha mchana. Badilisha kila baada ya miaka miwili, na bomba za mpira zikaguliwe. Na kushuka, shuka na gia.

Mombo_Juu
Shikamoo mzee. Hilo sikuliwaza kabisa, na kwenye kiti cha abiria huwa anakaa mama. Kesho mafuta ya breki yanatoka.

Mzee_wa_Soni
Marahaba. Msalimie mama.

Mombo_Juu (wiki tano baadaye)
Wakuu, naleta mrejesho. Tairi nne mpya 215/45 inchi 17, nilikataa mbili zilizokuwa na miaka mitatu dukani. Bushi zote za mbele, shokapu nne za kawaida, pedi, DOT 4. Mafuta ya zamani yalitoka na rangi ya chai ya rangi. Alaimenti niliomba magurudumu ya mbele yalale ndani kidogo kwa juu, kwa zile boliti maalumu, digrii moja tu. Springi za valvu zilishabadilishwa Japani. Nimebakiwa na milioni moja na laki mbili.

Jumapili mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kuanzia Bunju kwenda Mapinga niliisikia barabara kwenye viganja kwa mara ya kwanza, wapi pakavu, wapi pana mchanga. Nilikuwa 70, wala si zaidi. Nilifika Bagamoyo nikageuza bila kunywa chai.

Dada, nitumie namba ya huyo fundi wako wa manifoldi inboksi.