MJADALA: Asasi zetu zitadumu na wahisani binafsi, au tunabadilisha tu mlango wa kubisha?

Mtumbuizi wa Makole: Wadau, USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa rasmi Julai 1, 2025. Tangu agizo la Trump la Januari mwaka ule la kusimamisha misaada, asasi nyingi zimekimbilia taasisi binafsi za uhisani: Ford, Gates, Segal na wengineo. Nina wasiwasi tunawaendea kwa mazoea yale yale: andiko la kuomba fedha, fedha, ripoti, kimya hadi andiko lijalo. Kwa mhisani binafsi uamuzi uko kwa bodi na maafisa wachache, na anayeifahamu kazi yako ndiye atakayekutetea kikaoni. Tujenge uhusiano kabla ya kuomba. Na asasi za mikoani zianze kwa kujifunza kutunza hesabu, maana huko ndiko tunakoaibishwa. Karibuni.

Kahama Damu: Tunakoaibishwa na nani, mkuu? Mimi ni mhasibu wa asasi ya wilayani. Masurufu yote yana marejesho, risiti za EFD zimo kwenye faili. Fedha ya mhisani inashukia kwanza kwa "mshirika mkuu" aliyeko Dar, anakata za kwake, sisi inatufikia mwezi wa tano wa mradi wa mwaka mmoja. Halafu tunadaiwa ripoti ya robo ya kwanza! Hapo asiyejua hesabu ni nani?

Mjumbe wa Bodi: Ndugu zangu, turudi kwenye mada. Sheria ya Marekani inazitaka taasisi hizi zitoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya mali zao. Kwa hiyo fedha lazima itoke, na wao pia wanatafuta mtu wa kumwamini. Ford walianzisha mpango wa BUILD mwaka 2016, dola bilioni 1, ruzuku za miaka mitano za kuimarisha asasi yenyewe, si mradi peke yake. Ukipata ruzuku ya namna hiyo unapanga kazi ukiwa umetulia.

Nyasa Kwetu: Mzee wangu shikamoo. Mbona kuna MacKenzie Scott, yule tajiri aliyekuwa mke wa Bezos wa Amazon? Tangu 2020 anagawa mabilioni ya dola bila masharti, na wengi hawakuandika hata andiko. Uhusiano wa nini tena?

Mjumbe wa Bodi: Marahaba. Huyo anakutafuta yeye, mwanangu. Huwezi kupanga bajeti ya mwaka kesho kwa kumsubiri mtu usiyejua hata pa kumpigia simu.

Dada Mradi: Kilichonikera ni hili la "anayekufahamu atakutetea". Hiyo ni kujuana, na kujuana kunakufa mtu akihama. Tulikuwa na afisa programu mmoja mzuri sana, kila kitu tulipitisha kwake. Akaondoka. Aliyekuja akatuandikia kwamba mkakati umebadilika, basi. Siku hizi kwetu mkurugenzi, mhasibu na msimamizi wa mradi wote wanaongea na watu wa upande wa pili, mhasibu kwa mhasibu. Jambo lingine ni kusema mabaya mapema. Wasichana wa mradi wetu walipoacha kuja darasani msimu wa mavuno tuliandika mwezi ule ule, hatukungoja ripoti ya mwaka. Wakakubali tuhamishe fedha ya kifungu kimoja na kusogeza ratiba. Ruzuku ya pili ilitokana na barua ile.

Kahama Damu: Dada, maneno mazuri, lakini ninyi wa Dar mnao hao wa kuandikia barua. Sisi hata jina la mhisani tunalisoma kwenye bango la mradi.

Dada Mradi: Nani kakwambia niko Dar? Niko Masasi. Na usinijibu kama vile nimekutukana mimi.

Kahama Damu: Nisamehe kwa la Dar. La hesabu silisamehi, na mleta mada hajalijibu.

Nyasa Kwetu: Jamani, Gates alitangaza mwaka 2025 kwamba taasisi yake itamaliza fedha na kufunga 2045. Atlantic Philanthropies walishamaliza zao na kufunga 2020. Tunajadili kudumu na watu walioweka tarehe ya kuondoka?

Mtumbuizi wa Makole: Ndugu wa Kahama, sifuti nilichoandika. Nimekaa kwenye kamati ya kupitia maandiko. Mengi ya mikoani yanarudi kwa sababu hayana ripoti ya ukaguzi wa hesabu. Mhisani wa Marekani anawajibika kisheria kuonyesha fedha iliyotoka nje ya nchi yake ilifanya nini. Bila ukaguzi ataanzia wapi?

Mjumbe wa Bodi: Na kwetu kanuni zinataka mkataba wa fedha wa zaidi ya shilingi milioni 20 ufike kwa Msajili wa asasi na Hazina ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa. Karatasi hazikwepeki.

Kahama Damu: Sasa umesema jambo. Unajua ukaguzi wilayani ni gharama gani? Mkaguzi mwenye usajili wa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, anatoka Mwanza: nauli, malazi, ada. Kwenye bajeti mnayotushushia, uendeshaji ni sifuri, kwa sababu mshirika mkuu ameshauchukua wote. Mtaka ripoti aweke kifungu cha ukaguzi kwenye mkataba wetu, na mhisani aonyeshwe kifungu hicho kabla hajasaini. Kamati yako ilishawahi kumuomba hivyo hata mara moja?

Mtumbuizi wa Makole: Hatujawahi. Kikao kijacho nalipeleka kama ajenda, na nitaleta majibu hapa hapa.

Kahama Damu: Nasubiri. Na ile sentensi ya kutunza hesabu bado ipo pale juu.