Mwaka mmoja wa kuiona dunia kutokea Dodoma: tiketi ya mzunguko, barabara ya kusini, au safari za kwenda na kurudi?

Mwalimu wa Kikuyu

Mbukwenyi, wana jukwaa. Nimestaafu ualimu mwaka huu hapa Dodoma, watoto wanajitegemea, na sehemu ya mafao yangu nimeitenga kwa ajili ya jambo nililolitamani kwa miaka yote niliyofundisha jiografia, yaani kuyaona kwa macho yangu maeneo niliyokuwa nikiwaonyesha wanafunzi kwenye ramani ya ukutani. Yaliyo moyoni zaidi ni maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls), makanisa ya Lalibela, Ethiopia, yaliyochongwa ndani ya mwamba, Istanbul na Roma katika safari moja, na Japani wakati wa maua ya sakura.

Nimefikiria njia tatu. Ya kwanza ni kununua tiketi moja ya kuzunguka dunia na kurudi nyumbani mwaka ukiisha. Ya pili ni kwenda kusini kwa basi na treni hadi Cape Town, kisha maeneo ya mbali niyafikie kwa ndege nitakapokuwa huko huko. Ya tatu ni kufanya safari kadhaa ndani ya mwaka, kila moja ikianzia na kuishia Dodoma. Naomba mzingatie kwamba natumia dawa za presha kila siku, na kwamba nina shamba dogo la zabibu Hombolo ambalo mdogo wangu analisimamia vizuri, ingawa wakati wa mavuno, karibu na Machi na tena Agosti hadi Septemba, ningependa niwepo.

Kijana wa Makole

Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa kustaafu salama. Mimi nakushauri uchukue tiketi ya mzunguko. Mashirika ya ndege yaliyo katika miungano mikubwa, kama Star Alliance na oneworld, huuza tiketi ambayo hudumu hadi mwaka mmoja, yenye vipande vya safari hadi kumi na sita, kwa sharti kwamba usonge kuelekea upande mmoja wa dunia, uvuke Atlantiki na Pasifiki, na urejee katika nchi uliyoanzia. Ethiopian Airlines na Turkish Airlines zote zimo Star Alliance na zote zinatua Dar es Salaam, kwa hiyo Istanbul, Roma na Tokyo zinaweza kupangwa katika mstari mmoja, na tarehe za vipande vinavyofuata hubadilishwa bila kununua tiketi upya. Kwa mtu mwenye mwaka mzima mkononi, naona ni hasara kurudi Dodoma kila baada ya majuma machache na kulipia tena ndege ndefu ya kutoka Afrika Mashariki, ilhali angeweza kuendelea mbele kutoka pale alipo.

Binti Kondoa

Mwalimu, shikamoo. Nimekuwa nikiwaandalia watu safari za nje kwa miaka mingi, na naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu shauri la kaka wa Makole ni zuri kwa mtu mwenye pasipoti inayofungua milango mingi bila viza. Kwa pasipoti yetu, jambo la kwanza la kuangalia ni mahali viza inapoombwa na muda inaodumu. Bei ya tiketi huja baadaye.

Chukua mfano wa Japani. Viza ya utalii ya kuingia mara moja hutumika ndani ya miezi mitatu tangu itolewe. Ukiondoka Dodoma mwezi Juni ukiwa umepanga kufika Kyoto mwishoni mwa Machi, huwezi kuibeba viza hiyo kutoka nyumbani, kwa kuwa itakwisha ukiwa njiani. Ni lazima uiombe ukiwa nchi nyingine, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwani balozi nyingi hupokea maombi ya watu wanaoishi kihalali katika nchi ilipo ofisi yao, na mtalii aliyepita kwa majuma mawili hahesabiwi kuwa mkazi. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, nazo zina kanuni ya namna hiyo: ombi hupelekwa katika nchi unayoishi, na haliwezi kupokelewa zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Kwa hiyo mtu aliye barabarani mwaka mzima hujikuta akitakiwa kurudi nyumbani kuomba viza hata kama tiketi yake inamruhusu kusonga mbele.

Tatizo la pili ni bahari ya Pasifiki. Tiketi ya mzunguko inataka uivuke, na njia nyingi za kuivuka kuelekea Atlantiki hupita viwanja vya Marekani au Kanada. Marekani haina utaratibu wa kumwachia abiria wetu abadilishe ndege bila viza. Hata ukikaa uwanjani saa mbili tu bila kutoka nje, utatakiwa kuwa na viza ya kupita. Maana yake ni kwamba utaomba viza ya nchi ambayo hata haimo katika orodha yako, pamoja na ada, usaili na kusubiri, ili tu ulitimize sharti la tiketi.

Kwa sababu hizo naiunga mkono njia ya tatu bila kusita. Kila safari inaombewa viza yake ikiwa karibu, taarifa ya benki inakuwa ya miezi ya hivi karibuni, na ofisa wa ubalozi anaona mtu mwenye pensheni na shamba, aliyekwenda nje akarudi kama alivyoahidi. Muhuri wa kurudi nyumbani katika safari ya kwanza humsaidia sana mwombaji wa safari ya pili. Hapo zamani tungeona ni usumbufu kwa mtu wa Dodoma kushuka Dar es Salaam kila mara kutoa alama za vidole, lakini tangu treni ya SGR ilipofika hapa mwaka 2024, mtu anaweza kuondoka alfajiri, akamaliza miadi yake ubalozini na kurejea jioni. Kwa Schengen, alama za vidole zikishachukuliwa huweza kutumika tena kwa maombi mengine ndani ya miezi 59.

Ukiwa Japani, ongeza Malaysia na Singapore wakati wa kurudi, kwa kuwa nchi hizo mbili hazitudai viza kwa ziara fupi. Hujazwa tu fomu ya kuingia kwa mtandao siku chache kabla ya kufika. Majengo ya Petronas ya Kuala Lumpur yana mita 452, lakini kwa mtu wa jiografia na historia ningesema uende hadi Melaka, mji wa kale wa bandari ambao pamoja na George Town uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Biashara ya pepo za msimu uliyoifundisha kwa upande wa Kilwa, pale utaiona kwa upande wake wa pili.

Mzee wa Manyoni

Mwalimu mwenzangu katika kustaafu, ingawa mimi nilistaafu reli, nakubaliana na binti yetu kuhusu viza, ila naomba barabara ya kusini isiachwe, kwa sababu huko pasipoti yetu ina nguvu sana. Zambia, Zimbabwe, Botswana, Namibia na Afrika Kusini, zote tunaingia kama wageni wa kawaida bila kuomba viza mapema. Huko Mtanzania anaweza kuvuka nchi tano mfululizo kwa kugongewa muhuri mpakani tu, na nashangaa kwamba wengi wetu tunaota Ulaya kabla ya kuitumia haki hii iliyo mlangoni.

Unatoka Dodoma kwa basi kupitia Mtera hadi Iringa, unalala, kesho yake unafika Mbeya. Kutoka hapo una njia mbili. Moja ni basi hadi Tunduma, kuvuka kwa miguu kuingia Nakonde, na kuendelea hadi Lusaka. Nyingine ni TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukamilika mwaka 1975 ili Zambia, isiyo na bahari, isilazimike kupitisha shaba yake katika nchi zilizokuwa chini ya tawala za walowezi. Uliza ratiba kituoni kabla ya kupanga jambo lolote, na usijifunge kwa tarehe. Lakini ukibahatika kuipata, utaiona kazi iliyofanywa na watu wa kizazi chetu, madaraja na mahandaki ya kati ya Mlimba na Makambako yakiwa ndiyo sehemu iliyowatoa jasho wajenzi kuliko nyingine. Kwa hiyo ukitaka kuiona, panda kuanzia upande wa Ifakara au Mlimba badala ya kuisubiri Mbeya.

Kuhusu maporomoko, wakati ni muhimu kuliko hoteli. Maji ya Zambezi huwa mengi zaidi karibu na Aprili, na wakati huo mvuke huwa mzito kiasi kwamba unalowa mwili mzima na huoni ukuta wa mwamba. Oktoba na Novemba upande wa Zambia hukauka sehemu kubwa, na mgeni husimama akitazama jiwe tupu. Juni na Julai maji bado yana nguvu na ukungu umepungua, kwa hiyo unauona upana wake wote, ambao ni karibu mita 1,700, na kina cha zaidi ya mita 100. Livingstone ukimaliza, vuka daraja la reli na barabara la mwaka 1905 uingie Zimbabwe siku hiyo hiyo, maana pande mbili za maporomoko hazifanani na kila moja inastahili siku yake.

Ukirudi upande wa Zambia, daraja la Kazungula, lililofunguliwa mwaka 2021, linakuingiza Botswana. Cape Town mwezi Julai ni baridi na mvua, kwa hiyo beba koti zito, na boti ya kisiwa cha Robben huahirishwa bahari ikichafuka. Panga siku za akiba huko. Mandela alikaa kisiwani miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake, na wanaoongoza wageni ndani ya gereza hilo wamekuwa ni watu waliofungwa humo wenyewe. Kwa umri wao, nafasi ya kuwasikiliza haitakuwapo siku zote. Kurudi usirudi kwa basi, panda ndege.

Mama Chang'ombe

Mwalimu, pole na majukumu. Mimi ni muuguzi na nitasema machache. Suala la dawa peke yake lingenitosha kuichagua njia ya tatu. Bima yetu ya afya inatumika katika vituo vya hapa nchini, presha inatakiwa kupimwa na daktari anayekufahamu, na ukirudi kati ya safari unachukua dawa zako bila shida. Japani huruhusu mgeni kuingia na dawa zake za kawaida alizoandikiwa na daktari za hadi mwezi mmoja. Zaidi ya hapo hutakiwa cheti kinachoombwa kabla ya safari. Beba barua ya daktari yenye jina halisi la dawa, kwa sababu majina ya kibiashara hutofautiana kila nchi. Dawa zenyewe ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiwekwe kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kama unayo, haihitaji kurudiwa. Tangu mwaka 2016 inatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye kadi.

Mwalimu wa Kikuyu

Nawashukuru sana. Kaka wa Makole, shauri lako nimelipima kwa heshima, lakini hoja ya viza na ya dawa zimenivuta upande wa pili. Sasa naona hivi: Japani na Malaysia kuanzia juma la mwisho la Machi, mavuno ya kwanza yakiwa yamekwisha, kusini mwezi Juni na Julai kama alivyosema mzee wetu, nirudi kwa mavuno ya pili, Istanbul na Roma mwezi Oktoba, na Lalibela nimalizie tarehe 7 Januari, wakati mahujaji wa Kanisa la Kiorthodoksi wanapokusanyika kwa Krismasi yao. Je, Istanbul na Roma niziombe vipi bila viza moja kuizuia nyingine? Na kuhusu Lalibela, mwanangu ana wasiwasi.

Binti Kondoa

Mwalimu, mpango huo ni mzuri, na wasiwasi wa mwanao nauunga mkono. Tangu mwaka 2023 mkoa wa Amhara, ilipo Lalibela, umekuwa na mapigano ya mara kwa mara kati ya jeshi la serikali na wanamgambo wa Fano, na safari ya ndege inaweza kufutwa ukiwa tayari Addis Ababa. Makanisa yale 11 yamesimama kwa zaidi ya karne saba na ni haki yako kuyatamani, lakini nisingelipia chochote kisichorudishwa kabla ya Desemba. Weka Kairo kama mbadala wa Januari. Hali ya hewa huwa ya baridi nzuri, na Jumba Kuu jipya la Makumbusho la Misri, karibu na piramidi za Giza, lilifunguliwa rasmi Novemba 2025. Misri wanatudai viza, kwa hiyo uamuzi usivuke mwanzo wa Desemba.

Kwa Oktoba, anza na Italia. Ombi la Schengen linapelekwa katika nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na utatakiwa kuwa na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Kwa kawaida pasipoti hubaki kwao wakati wa uchunguzi, na ndiyo maana maombi mawili hayaendi pamoja. Peleka ya Italia mwishoni mwa Julai mara tu utakaporudi kutoka kusini, ikitoka upeleke ya Uturuki mwezi Septemba. Kwenye safari yenyewe tangulia Roma, kisha umalizie Istanbul bila kurudi tena Roma, ili kuingia Schengen kuwe mara moja tu na usihitaji viza ya kuingia mara nyingi.

La Japani ndilo la haraka. Lipeleke Februari, usilipeleke Desemba, kwa ile sababu ya miezi mitatu. Kabla ya hapo fungua pasipoti yako leo uhesabu kurasa tupu, na uhakikishe kwamba tarehe ya kuisha inavuka miezi sita baada ya ile safari ya mwisho, ya Januari. Ikipungua, anza na Uhamiaji. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na ni afadhali kuibadilisha sasa kuliko kuibadilisha katikati ya mwaka, viza ikiwa imeshabandikwa katika ile ya zamani.